Kamishna na Kaburi Lisilo na Karatasi

Arvid Skogmo alikuwa fundi wa nguzo za simu kabla hajawa kamishna wa umeme. Huku nyandani kaskazini mwa Marekani, makamishna wa umeme hawateuliwi na mtu. Tunawapigia kura wenyewe, watatu, kisha tunawasumbua mpaka wanajuta. Kila asubuhi Arvid akiingia mkahawani kwa Bernice, hata kahawa haijamiminwa, wateja wameshamdaka.

"Kamishna, bili yangu imepanda tena. Nikuletee wewe nyumbani?"

"Mwache anywe, bwana. Akikasirika atatuzimia taa."

Alicheka nao, maana kura ni zao. Lakini mtu akigusia shauri lililo mezani, Arvid aliinuka na kuacha pai yake nusu. Kamishna ni kama hakimu: haruhusiwi kusikia neno la shauri nje ya kikao, wala kuamua kwa yale anayoyajua yeye mwenyewe. Huamua kwa yaliyosemwa mbele ya mwandishi wa kikao, basi. "Sheria ni msumeno," alipenda kusema kwenye kampeni, na watu wakampigia makofi. Alishinda chaguzi tatu kwa usafi huo, na sifa zilimwingia kichwani kidogo, tusidanganyane.

Ndipo kampuni moja ikaomba kupitisha laini kubwa ya umeme kutoka kwenye mitambo ya upepo hadi mjini. Ramani ilikata shamba la Lowell Pfeifle, nyuma ya nyumba, katikati ya safu ya miti inayokinga upepo. Chini ya miti ile amelala mtoto.

Lowell na Arvid walikuwa marafiki tangu shule. Mwaka 1979 mke wa Lowell, Darlene, alijifungua nyumbani katikati ya dhoruba ya theluji, barabara zimefungwa siku tisa, na mtoto hakuiona asubuhi. Arvid ndiye aliyefika kwa miguu, na wao wawili wakaichimba ardhi iliyoganda. Hakuna karatasi iliyoandikwa, hakuna mchungaji aliyeitwa. Darlene aliwaomba wasimwambie mtu yeyote, kamwe, na wote wawili wakaapa. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Sasa Darlene naye ameshakufa.

Sheria ya nguzo inasema laini haipiti juu ya kaburi. Mtu mmoja akisimama kikaoni na kusema, "Hapa pana kaburi," ramani inapindishwa. Lakini lazima asimame. Arvid hakuweza kumpigia Lowell simu kumwambia hivyo. Angeweza kujitoa kwenye shauri na kutoa ushahidi mwenyewe, lakini angemvunjia kiapo marehemu. Alilala na jambo hilo na kuamka nalo, amebanwa huku na huku, na chakula kikamshinda.

Siku ya kikao ukumbi wa shule ulijaa. Wakulima walilalamika kwamba laini itazizuia ndege na mashine zao za kunyunyizia dawa. Lowell alikaa nyuma, mikono kifuani, ametulia kabisa.

"Kuna mwingine?" Arvid aliuliza.

Lowell akamtazama, akamkonyeza jicho. Arvid akaelewa. Mwenzake alikuwa na hakika kwamba kamishna anajua, kwa hiyo kuna haja gani ya kuwaanika wafu mbele za watu?

"Mtu yeyote, hata kama ni jambo dogo? Hata kama ni la nyumbani?"

Wakili wa kampuni aliinua kichwa. Huyo alijua urafiki wao, na alikuwa akingoja jina la Lowell tu limtoke Arvid ili alalamike kwamba anapendelea. Arvid akaliogopa jina lile. Akauliza mara ya tatu, akitazama meza. Kisha akafunga kikao.

Mwezi uliofuata kura za makamishna zilikuwa tatu kwa sifuri: laini ipite. Gazeti likamsifu kwa kutopendelea rafiki.

Jumapili baada ya ibada akaendesha gari hadi uani kwa Lowell. Siku thelathini za kuomba shauri lisikilizwe upya zilikuwa hazijaisha, kwa hiyo kuja kwake tu kulikuwa kosa, la kwanza katika miaka kumi na minane.

"Unaruhusiwa leo kuongea na mimi?" Lowell alimuuliza akiwa mlangoni.

"Siruhusiwi. Andika barua, Lowell. Mistari miwili tu. Sema yupo pale."

"Niwaandikie wale? Darlene alisemaje?"

"Najua alivyosema."

"Basi unajua vyote, na bado ukainua mkono."

"Niliuliza mara tatu, ndugu yangu."

"Uliwauliza watu, Arvid. Mimi hukuniuliza."

Akafunga mlango polepole, kama tunavyofunga sisi tukiwa na hasira.

Jumatatu Arvid aliketi ofisini, na karani wake, Joyce, akamuuliza, kama anavyowauliza makamishna wote kila Jumatatu, kama alizungumza na mtu yeyote nje ya kikao. Aliyezungumza hujaza fomu: na nani, wapi, na maneno yote yaliyosemwa. Fomu huingia kwenye kumbukumbu za shauri, na kila mtu huisoma.

Miaka yote alikuwa akijibu hapana. Sasa akanyoosha mkono.

"Nipe fomu moja," alisema.

"Utatolewa kwenye shauri, Kamishna. Na uchaguzi ni Novemba."

"Nipe, mama."

Aliandika jina la Lowell, na uani, na Jumapili. Kalamu ikasita. Lowell hatamsamehe, hilo alilijua vizuri kuliko sheria yoyote. Kwenye nafasi ya maneno yaliyosemwa akaandika kwamba Darlene Pfeifle alizaa mtoto wa kiume, na mahali mtoto huyo alipozikwa.