Kichwa cha Kennedy

Watu wa humu siwataji majina, ila hili moja siwezi kuliruka, maana kisa chenyewe ni chake. Mume wangu anaitwa Kennedy. Kwetu Kenya wako wengi wa rika lake; walizaliwa wakati jina hilo liko redioni kila siku, na mama zao wakalipenda. Sikuwahi kujiuliza lilitoka wapi.

Jumamosi moja tulikuwa tukichoma nyama uani, hapa Ingleburn tulikohamia, na jirani yetu, mama mtu mzima ambaye wazee wake walitoka Ireland, akanisikia nikimwita Kennedy, akacheka kule upande wake wa ua.

"Kwetu hilo ni jina la ukoo, si la mtu! Na maana yake ni kichwa kibaya."

Kwa haki yake, aliongeza papo hapo kwamba wengine husema ni kichwa chenye kofia ya chuma, ya vitani. Lakini la pili nani alilisikia?

Mke wa mwanangu alikuwa pale, mjamzito wa mtoto wa kiume. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na mume wangu alilisubiri hilo kuliko kitu chochote. Kila tukienda kwao Penrith alikuwa akiinama kusalimia tumbo kana kwamba anajisalimia mwenyewe: "Mimi, hujambo?"

Baadaye jikoni mke wa mwanangu akaniambia, "Mama, nisamehe. Siwezi kumwita mtoto kichwa kibaya. Wenzake shuleni watalitafuta kwenye simu, wamcheke."

Sikumlaumu. Pengine ningemtetea mume wangu, lakini kisomo cha kubishana na Ireland ningekitoa wapi? Yeye mwenyewe alisema, "Mpeni mtakalo, hakuna neno." Ila tumbo hakulisalimia tena.

Mtoto akaja, mzima, lakini kichwa kirefu kama papai. Mkunga akatuambia alibanwa tu njiani, kitajirudi. Sote tukawaza maneno ya jirani.

Mume wangu akampakata, akakizungushia macho kile kichwa. Kisha akavua kofia yake, akainamisha upara karibu na mtoto.

"Haya, semeni kweli. Kati yetu nani mbaya?"

"Wewe, Baba!" Mke wa mwanangu alicheka mpaka akajishika tumbo. "Wewe, tena mbali!"

"Na bado nilipata mke."

"Mama hakuwa amevaa miwani," mwanangu akasema.

Mke wa mwanangu akajipangusa machozi, akamgusa mtoto shavuni. "Haya, Kennedy. Msalimie babu."

Mume wangu akamwinamia kama alivyokuwa akiliinamia tumbo, akasema kwa sauti ndogo:

"Mimi, hujambo?"

Kichwa cha mtoto kimeshakuwa duara. Cha mume wangu, niwe mkweli, bado.