Mguu wa Fabiola na Kikao cha Jumapili

Mgongo wa Fabiola uliharibika siku ya Jumamosi, kwenye ngazi za udongo za kwetu Cimpunda, akiwa amebeba bidoni ya maji ya lita ishirini. Hakuanguka. Aliinama tu kuitua, akasimama nusu, akabaki hivyo hivyo ameshika ukuta, machozi yakimtoka bila sauti. Tulimlaza kwenye godoro lake katikati ya magauni ya harusi ya watu, maana Fabiola ni fundi wa kushona, na katika tarafa yetu yote ya Kadutu, bibi harusi anayetaka gauni limkae vizuri kiunoni anaambiwa aende kwa yule Mrundi.

Mrundi, ndiyo. Alizaliwa Bujumbura, akaolewa na jirani yangu Destin, akahamia huku miaka minne iliyopita na masanduku mawili na cherehani. Destin yuko Shabunda anachimba dhahabu, na simu yake hupatikana mara moja kwa mwezi, Mungu akipenda. Wazazi wa Fabiola hawakuweza kuja, barabara ilikuwa haipitiki kwa ajili ya vita. Kwa hiyo katika mji huu wote alikuwa na watu wawili: mimi Georgette, wa mlango wa pili, na shemeji yake Polycarpe.

Tangu siku ile ya kwanza alisema anataka daktari. Kwao, alisema, maumivu yakitoka mgongoni yakateremka hadi mguuni, mtu anapigwa picha kwanza. Nikamcheka. Nikamwambia hospitali watamjaza vidonge tu, na kwamba hapa mfupa ukitoka mahali pake kuna mtu wa kuurudisha. Ndivyo tulivyo sisi: shingo ikikaza, mguu ukiteguka, mtoto akianguka, wa kwanza kuitwa ni muunga mifupa. Nikamleta mzee mmoja anayesifiwa sana. Akaja na mafuta yake, akamlaza kifudifudi, akaniambia nimshike miguu kwa nguvu. Nikaishika. Akapanda kwa magoti yote mawili juu ya kiuno cha yule binti. Fabiola alipiga kelele ambayo hadi leo nikiikumbuka natamani kumtafuta yule mzee nimzabe kofi, kisha nakumbuka ni nani aliyeshika miguu.

Jumatatu hakuwa anasikia kitu kwenye unyayo wa kulia. Tukampeleka hospitali kwa teksi, amelala kiti cha nyuma. Picha ikaonyesha alichokuwa amekihofia mwenyewe: ule mto mdogo ulio kati ya mifupa ya mgongo ulikuwa umechomoka, unabana mshipa wa mguu. Daktari Lucien, kijana wa maneno machache, alisema apasuliwe kesho yake, kwa sababu kila siku inayopita mguu unazidi kufa. Nikashusha pumzi. Nilidhani tumefika.

Muuguzi akaja na karatasi, akauliza responsable, yaani msimamizi wa mgonjwa, yuko wapi. Fabiola akanyoosha mkono achukue kalamu. Mwanamke wa miaka thelathini na moja, akili timamu, mgongo wake mwenyewe. Muuguzi akairudisha kalamu mfukoni. Wanaotia sahihi ni familia ya mume, alisema, maana mwaka jana walimpasua mke wa mtu bila kuwauliza na familia ikaja kuvunja madirisha. Haya, kwa ajili ya madirisha, mguu wa mtu ungoje.

Polycarpe akaitwa, akaja mchana uleule. Alimsikiliza daktari vizuri, akiitikia kwa kichwa, kisha akasema:

"Bibi ya ndugu yangu hawezi pasuliwa mugongo na bwana yake haiko. Siye batu ya famille tunapashwa kuikala kwanza."

Wangekaa lini? Jumapili, baada ya misa ya pili, kwa kuwa mjomba mmoja anatoka Luhwindja na bila yeye kikao si kikao. Nilizihesabu siku kwa vidole mbele ya macho yake. Akanijibu, kwa adabu zote, kwamba mimi si wa ukoo. Jumanne nikamfuata kwake, Jumatano nikamfuata tena, jibu lilikuwa lile lile.

Wala Polycarpe si mtu mbaya. Kila mchana alimletea mgonjwa bugali na samaki kwa mkono wake mwenyewe. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Sahani aliweza kuibeba, kalamu ikamshinda.

Alhamisi kidole gumba cha mguu kilikataa kuitika. Fabiola alikitazama kwa muda mrefu, akaniambia polepole kwamba cherehani yake ni ya kukanyaga. Nikainuka, nikaenda kumtafuta muuguzi, nikamwambia alete ile karatasi.

"Maman, muko nani kwake?"

"Niko mama yake."

Alijua nadanganya, wiki nzima alikuwa ananisikia nikiitwa jirani. Akaangalia huku na huku kwenye korido, akanipa kalamu. Nikaandika jina langu kwa herufi kubwa. Ijumaa asubuhi wakampasua, Polycarpe akiwa ameshakwenda Luhwindja kumchukua yule mjomba.

Jumapili walikuja wanne, mashati yamepigwa pasi. Polycarpe akakohoa kidogo, akatangaza kwamba ukoo umekaa na umeona vema kumngoja Destin. Fabiola akamwambia ameshapasuliwa. Polycarpe akauliza nani aliyetia sahihi, naye akajibu kwamba ni mama yake, akanionyesha mimi kwa kidole. Hapo shemeji akanigeukia. Aliniita mchonganishi, mvunja nyumba za watu, na mengine ambayo hayasemwi mtu akitoka misa. Nikamwacha amalize. Halafu nikafunua shuka.

Maumivu yalikuwa yametoka, hilo tulimshukuru Mungu. Lakini kuhusu vidole daktari alisema huenda vikarudi baada ya miezi, huenda visirudi, na kwamba lau wangempasua Jumanne ile, yeye asingelitumia hilo neno "huenda". Polycarpe akamwomba Fabiola asogeze kidole. Fabiola akajaribu hadi jasho likamtoka usoni. Wanaume wote wanne wakainama kutazama, na hakuna kilichosogea.

"Destin akirudia," Polycarpe akauliza, sauti imeshuka, "nani atamuelezea hii?"

"Habari ya ule muzee nitamuelezea miye," nikasema, "sababu njo miye nilimushika Fabiola miguu. Habari ya kikao utamuelezea weye."