Kigomba Cheupe

Sauti ile ilinikuta jikoni, nakata mchicha. Milio miwili, wa kwanza chini, wa pili juu, kama matone mawili yanayodondokea kwenye ndoo iliyojaa. Nikaweka kisu chini. Miaka yote hiyo sikuwa nimeisikia, lakini mwili uliitambua kabla ya kichwa: nyayo zikahisi ubaridi wa sakafu ya udongo, pua ikajaa harufu ya mdalasini mbichi na moshi wa kuni, na hasira ikapanda. Najua watu wakikumbuka utoto huwa wanahuzunika kidogo, wanatabasamu, wanafuta chozi. Mimi nina hasira, na nawaambieni mapema ili msije mkanisubiri nitabasamu.

Sauti ilitoka kwenye simu yangu, na simu ilikuwa mikononi mwa binti yangu Prisila, aliyejilaza kitandani na sare ya shule bado mwilini.

"Mama, njoo uone! Nimekipata cheupe!"

Nikaenda, mikono inanuka mchicha. Kwenye kioo alikuwa amesimama mdudu, sijui nimwite mdudu au mmea. Mwili mnene wa kijani kama chipukizi la mgomba linalotoka ardhini, macho mawili ya duara, vimiguu vya mizizi, na kichwani jani moja jipya lililoviringika kama karatasi ya kufungia karanga. Ila huyu wa Prisila hakuwa wa kijani. Alikuwa mweupe kama ugali.

Nilimfahamu. Nilimfahamu kabla mwanangu hajazaliwa.

Mchezo huu ni wa kukusanya mazimwi. Unatembea porini, unawakamata, unawalea, wanakua, unawapiganisha na mazimwi ya wengine. Siku hizi uko kwenye simu, lakini mimi niliucheza kwenye kidude kidogo cha plastiki, kina ufa kwenye kioo, kinatumia betri mbili. Mama mdogo alikuwa mfanyakazi wa ndani Dar es Salaam. Mtoto wa tajiri wake alipokichoka, yeye akakileta Matombo ndani ya mfuko wa nguo. Kilikuwa kitu pekee kijijini kwetu kilichotoa mwanga na muziki bila mtu mzima kuwa na amri nacho.

Tulikicheza wawili, mimi na Felista, binti wa mama mkubwa. Tulikuwa darasa moja, la saba. Mchana tukitoka shule tulishuka kwenye migomba ya Bibi, tukakaa juu ya majani makavu, tukaweka vichwa pamoja hadi nywele zake zikawa zinanichoma shavuni. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza na sisi tulijua maneno mawili tu, la kukubali na la kukataa. Tulikubali kila kitu. Zimwi la kwanza kukamata lilikuwa hilo la mgomba. Jina lake halisi halikutamkika, tukaliita Kigomba.

Betri ndizo zilizotutesa. Tulitumia zile zilizochoka za redio ya Bibi. Betri iliyoshindwa kuimbisha redio, ukiianika kwenye bati jua la mchana, inapata roho kidogo. Kila tukimaliza kucheza tulizitoa zipumzike, na kila tukizirudisha kile kidude kilikuwa kimesahau muda, kinauliza ni saa ngapi. Tukijibu, tunaendelea. Saa nane mchana tunaingiza nane. Kigomba kilikuwa kinanawiri. Jani lilikuwa linafunguka taratibu, kijani kibichi, na siku moja kikampiga nyoka wa moto tuliyekuwa tunamwogopa. Felista alirusha kanga hewani akapiga vigelegele kama mama wa harusi.

Tulifanya mtihani. Wiki chache baadaye nikavunja ungo.

Kwetu Uluguru msichana akivunja ungo anawekwa ndani. Anakuwa mwali. Wengine siku hizi wanawekwa wiki moja, mambo yanaisha, mtoto anarudi shule. Bibi yangu hakuwa mtu wa wiki moja. Niliingizwa kwenye chumba cha nyuma, chumba kisicho na dirisha, kina upenyo tu pale ukuta unapokutana na bati, na nikaambiwa nisitoke hadi ngoma yangu ichezwe, na ngoma haichezwi mpaka mavuno. Jua lisinione. Mwanamume asinione. Nisicheke kwa sauti. Kwenda chooni najifunika gubigubi, nainama kama mwizi. Ninachotakiwa kufanya ni kula, kupakwa mafuta, na kusikiliza mafundisho.

Nisimsingizie Bibi, hakuwa mkali. Alinipenda. Aliniita mke mwenzangu, akaniletea ndizi za nazi, akanichekesha kwa kumwigiza babu alivyokuwa akikoroma. Hilo ndilo linanikera zaidi nikikumbuka. Laiti angekuwa mchawi ningekuwa nimeshamaliza kumchukia.

Kidude nilikificha ndani ya mto. Mchana na jioni wanawake walikuwa wamejaa nyumbani, kwa hiyo nilikicheza asubuhi tu, Bibi na mama wakiwa wamepanda shambani kwenye maharage. Felista ndiye aliyeanika betri, tangu jua linapochomoza. Alikuwa anakuja kisirisiri nyuma ya nyumba, anakanyaga kinu kilichopinduliwa, anaziingiza kwenye ule upenyo chini ya bati. Zilinifikia zina joto la jua. Nilikuwa nazishika mashavuni kwanza kabla ya kuzitumbukiza. Mnaweza kucheka, lakini lile ndilo jua nililolipata.

Kidude kikauliza saa. Saa mbili asubuhi, naingiza mbili. Na hapo Kigomba kikaanza kubadilika. Kwenye mchezo kulikuwa giza kila nikiingia, nyota juu, mbuga nyeusi. Jani likaviringika tena, kijani kikafifia, kikawa cha limau, kikawa cha maziwa. Nikadhani kinaumwa. Nikakilisha kila kilichokuwemo kwenye mfuko wa mchezo. Kisha asubuhi moja muziki ukapigwa, vimulimuli vikazunguka kioo, na Kigomba kikatokea cheupe pe, kizuri, kinang'aa kama kimepakwa mafuta ya nazi. Juu yake kukawa na nyota ya dhahabu ambayo hatukuwahi kuiona.

Nikasema, basi, hakikuwa kinaumwa. Kilikuwa kinapandishwa cheo.

Nilifurahi sana kwa sababu na mimi nilikuwa naambiwa hivyohivyo. Wanawake waliingia jioni, wananishika mikono, wananigeuza. "Tazama ngozi hiyo! Mtoto amekuwa mweupe!" "Atatoka huyu, watu watakanyagana." Mama anacheka kwa majivuno. Nami naangalia chini kama nilivyofundishwa, lakini moyoni nilijiona nina nyota ya dhahabu.

Nikakipeleka Kigomba vitani. Hakikupambana na nyoka wa moto. Kilipambana na kiwavi, kiwavi wa kijinga kabisa ambaye zamani tulikuwa tunamkanyaga njiani. Kigomba kilisimama na uzuri wake, kiwavi akakigusa mara moja, kikaanguka. Nikarudia. Kikaanguka. Nikatafuta nguvu zake zimeenda wapi, nikakuta pale penye nguvu pana sifuri. Kina nyota, hakina nguvu.

Nikamnong'oneza Felista kwenye upenyo. "Kimekuwa cheupe, kizuri, lakini kinapigwa na kiwavi."

Nilisikia miguu yake inacheza juu ya kinu.

"Felista?"

"Skola, betri hizi usizimalize haraka," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito. Nikadhani ana mafua.

Zilikwisha. Nikamsubiri. Asubuhi zikapita nyingi, bati linapiga kelele kwa mvua, halafu kwa jua, na Felista haji. Mwishowe nikamuuliza Bibi alipokuwa ananisugua mgongo.

"Bibi, Felista yuko wapi?"

"Ameenda shule."

"Shule gani? Si tumemaliza?"

"Ya bweni, huko mjini. Si walichaguliwa wale waliofaulu."

Mkono wake haukusimama. Aliendelea kusugua, duara, duara, kama hajasema kitu.

"Na mimi?"

"Na wewe nini?"

"Nilifaulu?"

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele. Alimtazama Bibi, Bibi akamtazama yeye, na mimi nikaiona ile safari fupi ya macho yao, na hadi leo nikifumba macho naiona.

"Ulifaulu," mama akasema. "Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe. Lakini wewe ni mwali. Mwali hatoki kabla ya ngoma. Shule ipo tu, haikimbii."

"Mliniambia lini?"

"Usipandishe sauti, mwali," akasema Bibi, kwa upole uleule.

Felista alijua. Walimkataza asiniambie. Alikuja mara ya mwisho na betri za moto mkononi, akasimama juu ya kinu, akaambiwa na mimi habari za kiwavi, akashindwa. Simlaumu. Alikuwa mtoto kama mimi, ila yeye mwili wake ulichelewa kidogo. Hiyo tu ndiyo tofauti yetu. Mwili wake ulichelewa, akawahi shule; wangu uliwahi, nikachelewa.

Nilitolewa wakati wa mavuno. Walinibeba mabegani, shanga kichwani, ngoma zinalia hadi mbavu zinatetemeka, na kijiji kizima kikashangilia weupe wangu. Jua lilinichoma macho hadi yakatiririka, watu wakasema analia kwa furaha, mtoto ana adabu. Waliponishusha miguu ilikosa nguvu. Siku ya tatu nilijaribu kubeba mkungu wa ndizi kutelemka nao sokoni, mkungu niliokuwa naubeba tangu darasa la nne, nikaanguka nao njiani. Wakacheka. Mimi nilicheka pia. Nilijua sasa jinsi Kigomba kilivyoangushwa na kiwavi.

Nafasi ya bweni ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Mwaka uliofuata nilipelekwa sekondari ya kata, kutembea alfajiri kwenye utelezi, darasa halina mwalimu wa hesabu. Nilimaliza kidato cha nne na cheti ambacho nikikionyesha watu wananionea huruma. Felista ni muuguzi sasa. Tukikutana anaongea haraka haraka na kuniletea zawadi za watoto, na wote wawili hatutaji kinu.

Lakini kitu kimoja nilikipata kwenye ile shule ya kata. Mwalimu wa Kiingereza alichora saa ubaoni, akasema Wazungu wanaanza kuhesabu usiku wa manane, si alfajiri kama sisi. Saa mbili yetu ya asubuhi kwao ni nane. Ukiwaambia mbili, wanaelewa bado ni usiku, watu wamelala. Darasa likacheka. Mimi nilibaki mdomo wazi. Kile kidude kilihesabu Kizungu. Mchana tulipokuwa kwenye migomba tukaingiza nane, chenyewe kilidhani ni asubuhi, kikakipa Kigomba jua. Asubuhi zile za chumbani nikaingiza mbili, kikadhani ni usiku. Nilikuwa nakifungia gizani kila siku, kwa mapenzi, huku nakilisha. Halafu nikashangaa uzuri wake.

Basi ndiyo maana niliganda pale kitandani kwa Prisila.

"Umekipataje cheupe?" nikamuuliza.

"Unakifungia ndani makusudi, usikitoe nje hata kidogo. Watu wote wanakitaka, Mama! Darasani mwetu hakuna aliyenacho."

"Kinaweza kupigana?"

Akanitazama kama nimeuliza kama ua linaweza kufua nguo. "Hakipigani. Ni cha kuwa nacho tu."

Na simu ikaita hapohapo mkononi mwake. Nawaapia sijatunga. Alikuwa mama, kutoka Matombo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hamjambo huko Mazimbu? Mjukuu wangu ameshakua?"

"Ana miaka kumi, mama. Anasoma."

"Wewe uliwahi, naye atawahi. Nasema mapema ili nijiandae. Siku hiyo ikifika unamleta. Na usiniletee habari za baba yake, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama."

"Haji."

"Unasemaje?"

"Nasema haji, mama. Akivunja ungo nitampa pedi na kesho yake ataenda shule."

"Skola, unataka watu waseme nini? Mbona sisi tulikaa, na wewe ulikaa, ukatoka mzuri, watu wanakusimulia mpaka leo?"

"Ndiyo hivyo. Wananisimulia."

Nilimsikia anapumua, na nyuma yake jogoo, na mtu anatwanga. Nilitaka aseme neno moja tu, hata kwa kujikwaa: tulikosea. Ningemsamehe palepale, nawaambia kweli, ningepanda gari kesho yake nikampelekea sukari. Akasema, "Mtoto ana kiburi kama mama yake," akakata.

Prisila alikuwa ananitazama. Nikakaa kitandani, nikaifungua simu, nikakigusa kile kizuri kisicho na nguvu. Vidole havikusahau. Nikakitoa ndani, nikakipanda katikati ya uwanja, juani.

"Mama, usifanye hivyo! Kitaharibika!"

"Acha kiharibike."

Alijaribu kuninyang'anya. Nikaiinua simu juu ya kichwa, yeye anaruka, analia, ananipiga tumboni kwa ngumi zake ndogo, na huko juu jani likaanza kufunguka. Likawa la maziwa, la limau, halafu kijani.

Amenuna. Hasemi na mimi, na asubuhi alitoka kwenda shule bila kuniaga, mgongo umenyooka, mguu mzito, anakanyaga barabara kama anailaumu. Nilisimama mlangoni nikamtazama hadi kwenye kona. Jua lilikuwa linamwakia utosini.

Anune tu. Anune akiwa darasani.