Neno Lililokosekana kwenye Muhtasari

Niliporudi Songea baada ya miaka kumi na minne Dar es Salaam, nilirudi na diploma ya utawala niliyojisomesha mwenyewe kwa kulinda mageti ya matajiri. Nasema hilo wazi kwa sababu wapo wanaodhani nilibebwa. Nyumba yangu ya bati la bluu, ile inayoonekana ukitazama upande wa vilima vya Matogoro, hakuna aliyenichangia hata msumari.

Kwa hiyo mtendaji wa mtaa wetu alipotafuta mtu wa kuandika muhtasari wa mkutano, hakupata shida.

"Msomi, njoo mbele huku! Leo tuandikiwe na mwenye cheti."

Watu wakacheka. Nikaenda kukaa mezani pamoja naye na mwenyekiti. Nilipastahili.

Ajenda ilikuwa moja: mahali pa kujenga ofisi ya mtaa. Mtendaji alisema eneo linalofaa ni shamba la mama mmoja mjane, jirani yangu, nusu eka ya mahindi na maharage, maana liko kando ya barabara. Mama atalitoa kwa ajili ya maendeleo, alisema, kana kwamba alishaulizwa. Mama akasimama.

"Sikubali. Hapo ndipo ninapolima chakula changu, na shamba lingine sina."

Mzee mmoja akadakia kutoka nyuma, "Mama naye! Serikali hiyo, unaikatalia?" Wachache wakacheka. Mtendaji akasema maoni yamepokelewa, kisha akaniinamia sikioni: "Hilo usiandike. Muhtasari ni kwa ufupi."

Niliandika, "Wajumbe waliridhia kwa pamoja." Ulikuwa muhtasari safi, sijaona mwingine kama ule mtaani kwetu. Mtendaji aliusifu mbele za watu, nami nilifurahi wiki nzima.

Mwezi uliofuata mama alikwenda wilayani kulalamika, akaonyeshwa karatasi yangu. Alikuja na nakala yake hadi barazani kwangu. Anasoma polepole, kwa kidole.

"Mwanangu, mimi niko wapi humu?"

Nikamwonyesha jina lake kwenye mahudhurio.

"Hapo ni kwamba nilikuja. Niliposema je?"

Nikamweleza kwamba muhtasari ulikuwa haujathibitishwa. Kwenye mkutano ujao ungesomwa, mwenyekiti angeuliza kama kuna masahihisho, na hapo neno lake lingeingizwa. Taratibu hizo nazijua vizuri kuliko hata mtendaji.

"Na wewe utasema?"

"Nitasema, mama."

Na nilikuwa na nia. Lakini hapa kwetu kila mtu ana siku yake ya kuuhitaji muhuri wa mtendaji, na wiki hiyo ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa nimemwomba barua ya utambulisho ya kuombea kazi halmashauri. Hakunikatalia. Aliniambia tu, "Tuonane baada ya mkutano."

Siku ya mkutano nilisoma muhtasari. Mwenyekiti akauliza masahihisho.

"Mimi nilikataa," mama alisema. "Hawa wote walinisikia." Akageuka kuwatazama majirani. Walitazama chini, mmoja akatoka nje na simu ambayo haikuwa imeita.

Mtendaji akanigeukia kwa upole. "Mwandishi, wewe ndiye mwenye kumbukumbu zetu. Alikataa?"

Nilisema sikumbuki vizuri.

"Mwanangu," mama alisema, akakaa.

Wanaothibitisha wakaombwa kunyoosha mikono. Niliihesabu, na nilipofika mezani kwetu nikauhesabu na wa kwangu.

Barua nilipewa papo hapo. Mahindi yake yalifyekwa baada ya wiki moja, yakiwa bado mabichi. Kazi niliipata, na kwenye usaili nilikuwa wa kwanza, hilo nalo ni kweli. Ila asubuhi naenda kazini kwa njia ya nyuma, yenye tope, kwa sababu ile nzuri inapita mlangoni kwake, na yeye huamka mapema.