Mwanamke Anayesikiliza Mapipa ya Matango

Saa kumi na moja alfajiri, jua la Julai linachungulia mifereji ya Spreewald, mashariki mwa Ujerumani. Roswitha Noack anapiga magoti mbele ya pipa la mbao lililompita kimo, anasogeza kilemba chake nyuma, kisha anabandika sikio kwenye ubao.

"Tulieni basi!" anawakaripia wenzake wanaosukuma toroli la matango.

Toroli linasimama. Hata mwenye kiwanda, Henning Budich, anasimama na kikombe chake cha kahawa mkononi.

Ndani ya pipa hilo mna matango, maji ya chumvi, majani ya mcheri na shibiti, kile kiungo chenye harufu kali. Kwa mtu mwingine, pipa ni kimya. Roswitha anafumba macho kama mtu anayesikiliza mvua ikija kutoka mbali.

"Limeiva," anasema. "Ijumaa lifunguliwe."

Henning anaandika siku hiyo kwa chaki. Hakuna anayebisha.

Roswitha, mwenye umri wa miaka 61, aliingia kiwanda hiki kidogo akiwa msichana. Kazi yake ilikuwa pua. Alikuwa akifungua kizibo, ananusa mara moja, anajua pipa linachacha vizuri au linaoza. Wanakijiji walijaza chupa zao kwa neno lake, wakazipanga stoo kungojea baridi.

Januari ya mwaka jana akaugua mafua makali. Homa ilipoondoka, iliondoka na pua.

"Nilichemsha kahawa, nikaona haina chochote. Nikamgombeza mume wangu kwamba ameninunulia kahawa iliyokufa," anasimulia. "Kumbe aliyekufa ni mimi, hapa katikati ya uso."

Hakumwambia mtu kazini. Aliendelea kufungua vizibo na kuitikia kwa kichwa kama zamani, akiomba Mungu.

Juni ikamuumbua. Bibi mmoja jirani alirudi na chupa zake, akaziweka mezani bila neno, akaenda zake. Matango yalikuwa yamelegea kama sabuni iliyolala majini.

"Afadhali angenitukana," anasema Roswitha.

Henning alimwita pembeni. "Rosi, hili pipa si ulilipitisha mwenyewe?"

"Nililipitisha."

"Na hukusikia harufu?"

"Henning, sijasikia harufu ya kitu chochote tangu Januari."

Hakufukuzwa, ila alihamishiwa kwenye kuosha chupa, na mshahara ukapungua kwa robo. Msimu mzima alikaa ameyapa mapipa mgongo.

Oktoba, msimu wa kabichi ulipofika, alikata zake nyumbani kama kila mwaka. Akazitwanga na chumvi ndani ya mtungi wa udongo, akaziwekea jiwe juu. Stoo yake iko chini ya jiko: bitiruti, maboga ya siki, plamu, soseji za ini, kila chupa na mfuniko wake wa kioo na mpira wake mwekundu. Ni chakula cha miezi yote ya theluji.

Siku ya tatu aliteremka, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akalia. Alipokwisha kulia, akasikia kitu. Tup. Kimya. Tup, tup.

"Nikadhani panya," anasema, na hata sasa sauti yake inashuka. "Nikainama. Ilikuwa kabichi. Ilikuwa inapumua! Miaka yote hiyo nimenusa tu, sikujua kwamba vinasema."

Tangu hapo akawa anasikiliza kila siku, na mumewe, Jochen, mfugaji wa mbuzi, akawa ndiye ulimi wake wa kuonja.

"Leo je?"

"Chumvi tupu, mama."

"Na leo?"

"Ehee! Leo imeuma."

Sauti moja baada ya nyingine, akajifunza upya kazi yake. "Tangu anioe hajawahi kunisikiliza mimi hivyo," Jochen analalamika huku akicheka.

"Nani alimuoa nani?" mkewe anamdaka. "Na wewe siku ukisema la maana, nitakusikiliza."

Juni mwaka huu alimwendea Henning. "Nijaribu," akasema. Henning akampeleka kwenye mapipa ya kwanza ya msimu. Moja, la karibu na mlango, alikuwa amekwisha kulinusa mwenyewe na kuamua kulimwaga.

Roswitha alipita moja moja. Kwenye lile la karibu na mlango akakaa hadi magoti yakauma.

"Hili halijaoza," akasema. "Limepigwa na baridi ya mlangoni, limechelewa. Liache."

"Linanuka vibaya, Rosi."

"Hilo sijui. Najua linaanza kuzungumza."

Henning anakiri kwamba aliliacha kwa kumhurumia tu. Walipolifungua baada ya wiki mbili, aliuma tango, likalia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Akasimama pale akitafuna, machozi yakimlenga.

"Nimezaliwa katikati ya mapipa haya," anasema Henning. "Sikujua kwamba yana sauti."

Oktoba hii Roswitha atafungua jiko lake kwa familia changa za kijijini, kila mmoja aje na kabichi na mtungi wake. Anataka kila stoo iwe na mtu anayeweza kuisikiliza.

Daktari amemwambia pua huenda ikarudi, huenda isirudi. Akiulizwa angependa kunusa nini kwanza, hataji shibiti wala mkate.

"Jochen akitoka zizini," anasema. "Miaka yote nilimfukuza akaoge kwanza. Siku nikimnusa tena, atakaa mezani hivyo hivyo alivyo, nami nitamsogelea."