Bibi Chagua na Viti vya Soko

Siku ya kwanza mtunza viti kumwona mama yule, alikuwa amebebwa mgongoni na mpwa wake, jitu zima lenye ndevu, naye anamgombeza kama mtoto aliyemwaga maziwa. Mtunza viti aliwasikia kabla hawajafika mlangoni.

Chumba chake kilikuwa kando ya lango la soko. Halmashauri ilimweka pale aazime viti vya magurudumu kwa wanunuzi wasioweza kutembea, avitie grisi, azibe tyubu, na asiye na mtu wa kumsukuma, amsukume yeye mwenyewe. Alikuwa mtu wa haya. Ukimuuliza saa, anakunyooshea mkono usome mwenyewe. Wauza mboga walimwita Bubu.

Mama yule alikuwa mshonaji wa sare za shule. Miguu ilikufa kwa maradhi, lakini cherehani yake ilikuwa ya mkono. Mtunza viti akamsukuma hadi kwa muuza vitambaa, naye muuza vitambaa akamuuliza msukumaji, kana kwamba mama hayupo, "Huyu anataka rangi gani?"

Mtunza viti, kama kawaida yake, akatazama viatu.

"Kilichokufa ni miguu," mama akasema. "Mdomo mzima, na leo umeamka vizuri."

Watu wakacheka, jora likashushwa mapajani kwake. Njiani akaeleza kwamba wasukumaji wengine humjibia, naye hurudi nyumbani na vitambaa vya kuvalisha vinyago. Huyu, alisema, anamfaa na kimya chake hichohicho.

Tangu hapo wakawa chanda na pete. Kitambaa mama alikifikicha kwa vidole, akakivuta, akakinusa. Nyanya aliipima kiganjani kama anaipa mkono wa pole. Wauzaji wakamwita Bibi Chagua, na hawakukusudia kumsifu.

Kisha akaja afisa wa masoko na mpango mpya. Viti vingekusanywa vipelekwe ghalani, na wasiotembea wakae kivulini langoni, waseme wanachotaka, waletewe. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Mama zetu mtapumzika, alisema. Bibi Chagua akamjibu kwamba amepumzika tangu miguu ilipokufa, na sasa kupumzika kumemchosha.

Siku ya lori la kuchukua viti, Bibi Chagua alifika soko halijachangamka, na nyuma yake wenzake wote: fundi viatu wa mguu mmoja, mama mwenye baridi yabisi, mzee aliyepooza ubavu. Wakaazima viti vyote. Kanuni ya chumba ilikuwa moja, imeandikwa mlangoni kwa rangi: mteja hanyang'anywi kiti kabla hajamaliza kununua.

Afisa alipokuta chumba kitupu akaingia sokoni. Bibi Chagua alikuwa kwenye vitunguu, anageuza kimoja kimoja. Akaulizwa atamaliza lini. Akasema bado hajaona kinachomfaa. Muuza vitunguu, ambaye siku zote humwombea aende kwingine, akamwaga gunia jipya mbele yake bila kuambiwa. Jua likapanda, likaanza kushuka. Dereva wa lori akalala, mdomo wazi.

Mwishowe afisa akainama. Akamwambia kwa sauti ya chini achukue hicho kiti alichokalia, kiwe chake nyumbani hadi kufa, ila awaambie wenzake warudishe vyao.

Mtunza viti alisikia. Aliwahi kumpelekea Bibi Chagua mzigo nyumbani. Alimwona akivuka ua kwa viganja, kokoto zimemng'ata. Sasa Bibi Chagua alishika kitunguu, kwa mara ya kwanza bila kukitazama.

"Nikipeleke wapi, mwanangu?" akasema hatimaye. "Nyumbani kwangu hamna soko."

Afisa akanyooka, akamwamuru mtunza viti amtoe nje, asisahau mshahara wake unatoka wapi. Mtunza viti akakanyaga breki.

"Hajamaliza," akasema.

Lori likaondoka tupu, na ahadi ya kurudi asubuhi.

Lilirudi kweli, likawakuta wenzake Bibi Chagua wamevikalia viti vyote tena, na siku iliyofuata vilevile, mpaka halmashauri ikachoka. Viti vipo hadi leo. Lakini yeye hakuyaona hayo. Moyo wake ulisimama usiku wa siku ileile ya vitunguu, usingizini.

Jioni kabla ya usiku huo, mtunza viti alipomfikisha Bibi Chagua langoni, mpwa alikuwa anasubiri. Mtunza viti alitaka kumwambia mama kwamba anaogopa. Bibi Chagua akamsoma usoni kabla hajasema, akamshika mkono na vidole vyenye harufu ya vitunguu.

"Kesho fungua mapema, mdogo wangu," akasema. "Asije mtu akakuta mlango umefungwa, akadhani tumekubali."