Samli Iliyorudi Nyumbani Mara Tatu

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo tulivyofundishwa. Ng'washi Mabula hakubali. Kwake kizuri nacho hujitembeza, tena kwa miguu, ndoo kichwani, na kikikataliwa hukaa kwenye benchi kikauliza sababu.

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Misunkumilo, pembeni mwa Manispaa ya Mpanda. Ng'washi, mama wa watoto wanne wakiwemo Kulwa na pacha wake, ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake. Mapajani ana kibuyu cha maziwa yaliyoganda. Anakisukasuka taratibu, shingo ameiinamisha, anasikiliza. Maziwa yakiacha kuchapa kama maji na kuanza kugonga kwa uzito, anajua siagi imejitenga. Ataichemsha, iwe samli.

"Hapa huwa sitaki kuongeleshwa," anasema, kisha anacheka. "Haya, uliza tu."

Miezi minane iliyopita kicheko hicho hakikuwepo.

Katika familia yao ya wafugaji, waliofika Katavi kutoka Shinyanga, ng'ombe ni wa baba na maziwa ni ya mama. Kibuyu cha maziwa huoshwa, kisha hutiwa vijiti vinavyowaka, hufunikwa na kutikiswa mpaka moshi uingie kwenye ganda. Moshi huo ndio usafi wenyewe.

"Kibuyu kisichonukia moshi ni cha mwanamke mvivu," anasema Ng'washi. "Mama yangu alikuwa anakunusia kibuyu kabla hajakunusia mwili."

Kwa hiyo alipopeleka samli yake ya kwanza mjini, kwa Zuleha, mzaliwa wa Karema mwenye duka la vyakula sokoni na kazi ya kupika pilau za harusi, alikwenda kifua mbele. Zuleha alifungua, akanusa, akafunika.

"Hapana, mama. Rudi nayo tu."

Ng'washi hakuuliza kitu. Alitembea hadi nyumbani akilia chini ya kanga. "Nikasema, huyu amegundua kibuyu sikukifukiza vizuri. Ameniona mchafu."

Basi akafukiza zaidi. Mara mbili ya kawaida, kwa vijiti vya mti mkavu alivyovitafuta mpaka Kasokola. Wiki iliyofuata akarudi dukani. Safari hii Zuleha hakumaliza hata kufungua mfuniko.

"Jamani! Mama, ondoa hapa!"

Nyumbani nako hali ilikuwa mbaya. Upepo ulikuwa umeezua upande mmoja wa nyumba na watoto walilala wamejibana chumba kimoja. Mumewe, Mabula, alikuwa amemwambia wazi: maziwa yasipoleta kitu kabla ya mnada wa mwisho wa mwezi, atauza ng'ombe watatu kati ya watano wanaokamuliwa.

"Sikuwa na hasira naye," anasema Mabula, akifungua zizi. "Lakini bati hazinunuliwi kwa mtindi. Na mbwa, kwa kunywa maziwa yaliyokosa mnunuzi, walikuwa wamenenepa kuliko sisi."

Ng'ombe hao wakienda mnadani, biashara ya Ng'washi ingekwenda nao.

Zilibaki siku tano. Alibeba ndoo ileile, samli ya moshi uleule. Zuleha alimwona tangu mlangoni.

"Mama Kulwa, leo hapana. Hata usiitue."

Akaitua. Akaketi kwenye benchi la wateja, akakunja kanga yake magotini.

"Dada Zuleha, sitoki hapa mpaka uniambie kosa langu."

"Nina wateja, mama!"

"Na mimi nina watoto. Niambie."

Wateja wawili waliona duka limegeuka baraza, wakaondoka. Hapo Zuleha akapasuka: "Inanuka moshi! Nikiipikia pilau ya harusi watu watasema Zuleha ameunguza sufuria!"

"Moshi tu?"

"Moshi tu! Kwani ulidhani nini?"

Ng'washi aliinuka, akashukuru, akatoka. "Nilitaka kumkumbatia. Kumbe nilikuwa naenda kuongeza kosa lenyewe, nikidhani naliondoa."

Njiani alinunua ndoo nyeupe yenye mfuniko. Aliiosha kwa maji yanayochemka, akaianika juani, akagandisha humo maziwa, akayapigapiga kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Siku nne baadaye, kesho yake ikiwa mnada, alimpelekea Zuleha nusu lita ya samli.

Zuleha alichovya kidole. Akalamba. Akachovya tena.

"Una lita ngapi za hii?"

Ng'washi anasema hakumbuki alivyofika nyumbani. Anakumbuka kumkuta Mabula ameketi uani, anasokota kamba za kuwafungia ng'ombe.

"Nikamwambia, baba Kulwa, hizo kamba ni za kuanikia nguo."

Kamba hizo zipo. Asubuhi hii zimebeba sare za shule za mapacha. Upande ulioezuliwa umepata bati mpya, na zizini ng'ombe wote watano wanasubiri kukamuliwa.

Haikuishia hapo, kwani samli hiyo mpya nayo ilikataliwa, mara hii na mama mkwe. Bibi huyo alionja kidogo na kurudisha kijiko.

"Mkamwana, hii ni ya wagonjwa? Moshi uko wapi?"

Safari hii Ng'washi hakulia. Aliuliza, akajibiwa, akakirudisha kibuyu kazini. Sasa ana samli mbili: mfuniko mweupe ni wa mjini, mfuniko mwekundu, wenye moshi, ni wa wafugaji wenzake, ambao wengine hutuma watu kuifuata kutoka mbali. Kwa wiki hupata lita nne za aina zote, kila lita shilingi elfu kumi na tano.

"Si utajiri," anasema. "Ila nalala usingizi."

Mpango wake ni kufika Karema, kwa wafanyabiashara wa ziwani ambao ni ndugu za Zuleha. Hajui watataka samli ipi. "Wakikataa zote mbili, si wana mabenchi? Nitakaa."

Zuleha anaiuza samli hiyo kwa furaha, lakini ana neno.

"Siku ile alinifukuzia wateja wawili, mmoja alikuwa anachukua gunia zima la mchele," alisema jana dukani kwake, akipanga vikopo vyenye mfuniko mweupe. "Ni rafiki yangu sasa. Lakini mpaka leo hajaniomba radhi, na mimi nasubiri."

Ujumbe huo unamfikia Ng'washi akiwa bado na kibuyu mapajani. Mkono wake hausimami.

"Mwambie asubiri amekaa, benchi si analo?" anasema. Kibuyu kinaanza kugonga kwa uzito. Anatega sikio, anatikisa kichwa. "Niliuliza, nikajibiwa, ng'ombe wako zizini. Siombi radhi."